Kiangazi Nilimukimbia Mujukuu Yangu

Kama unakohoa na unasema ni vumbi, ikala hapa karibu na mulango, kwenye upepo inapita, nikuambie yangu.

Miye pia nilisema ni vumbi. Hapa Lubumbashi kila muntu iko na vumbi yake ya kusingizia: vumbi ya barabara, vumbi ya makamio yenye kubeba mawe, vumbi ya kiangazi. Marehemu bwana yangu alikohoa miaka kumi na moja kisha kuacha kazi ya mine ya shaba, na hakuna mwenye alishangaa. Kifua yangu ilianza mu mwezi ya pili, wakati mvua inanyesha kila siku na vumbi yote iko matope, na bado nilisema: ni vumbi. Akili yangu ilikuwa wapi? Ninajiulizaka mpaka leo.

Habari ya bidudu sitaandika. Ile ni kazi ya banganga, na miye niliishia mwaka ya tatu ya masomo. Nitaandika yenye macho yangu iliona. Na iliona mingi, juu miye ni muntu ya kuangalia, hata nikiwa mugonjwa.

Ninaikala mu Kampemba kwa binti yangu Béa na bwana yake Muteba. Béa anauzisha mboga ku soko, anatokaka asubuyi sana. Muteba ni fundi ya kusude, anaunga milango na madirisha ya chuma pale pale mbele ya lupango yetu, ni kusema kiwanja na nyumba yake. Mutoto yao ya kwanza njo Merveille, mwanamuke, alizaliwa mwezi ya kumi pamoja na mvua ya kwanza. Béa akiisha kumunyonyesha na kubeba bitunga yake, mutoto anakuwa wangu. Mu mugongo yangu, tangu jua inatoka mpaka saa saba. Njo vile nilikohoa miezi ine nzima na mutoto mu mugongo.

Mwili ilinipa alama. Kikwembe yenye ilikuwa inanizunguka mara moja na nusu ilianza kunizunguka mara mbili, na bado ncha ilibakia ya kufungia mutoto. Niliifurahia, nikasema bikwembe ya siku hizi iko mirefu. Shuka yangu asubuyi ilikuwa ya kukamua. Nikasema ni blanketi. Kila kitu nilikuwa na jibu yake.

Sasa sikia desturi yetu, juu bila ile hautaelewa kosa yenye tulifanya. Shiye bantu ya kaskazini, kule Mitwaba, mama na mukwe yake mwanaume habaangaliane mu uso. Haiko chuki, iko heshima. Muteba hakuli mbele yangu, na miye sikuli mbele yake. Akipita, ninageuka. Akiwa na neno, anamutuma bibi yake. Na zaidi ya yote, habari ya mwili yangu ni katazo: mukwe hawezi kuniuliza kama nimelala muzuri, kama tumbo inaniuma, kama ninakohoa. Miaka mine tuliikala namna ile mu lupango moja, na ilikuwa amani. Nilijua viatu yake kuliko sura yake.

Mwisho ya mwezi ya tano, baridi ya kiangazi ikiwa imeanza, juu kwetu kiangazi ni baridi bila mvua, nilikohoa mu kitambaa nikaona kitu nyekundu sawa tomati ya kopo. Nilikunja kitambaa. Kisha nilikunjua tena, niangalie kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Béa aliniona nikiangalia.

"Mama, ile ni nini?"

"Ni yangu."

"Leta nione." Akaona. Ile siku hakuenda ku soko.

*

Pale santre ya afya, benchi ya bantu ya kukohoa iko inje, chini ya paa ya malata, mbali na bamama ya mimba. Banakupatia kopo mudogo ya plastiki na kifuniko yake, uteme ndani. Nilificha yangu chini ya kikwembe, nikaikala sawa muntu mwenye kuiba yai. Mwanaume moja muzee pembeni yangu alicheka mpaka akakohoa.

"Kambo," akaniita, vile tunaitaka mama mwenye bajukuu, "toa tu. Hapa shiye bote tuko na mayai."

Kesho yake nilirudisha kopo ingine, ya asubuyi. Kisha ni kungojea. Ninakuambia, kungojea ni kazi. Nilihesabu malata. Niliangalia namna bantu banaikala: mwenye kukuya mara ya kwanza anaikala pembeni ya benchi, miguu tayari kwa kukimbia. Mwenye amezoea anaikala katikati na anaomba habari. Nikajiuliza: miye nitafika katikati siku gani?

Mama enfirmie, ule muuguzi ya santre, alikuwa kijana, musichana ya kusema haraka. Alituita, miye na Béa na mutoto, akafungua dirisha mbele ya kufungua kinywa.

"Kambo, iko kifua kikuu. Iko na dawa. Miezi sita, kila siku, bila kuruka. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nyumbani muko na mutoto mudogo?"

Béa alishika Merveille kwa nguvu mpaka mutoto akalia. Ile kilio njo ilijibu.

Balimupima mutoto: kilo, moto ya mwili, kifua mbele na nyuma. Miye nilisimama inje pa dirisha, na sijawahi kuangalia kitu sawa vile niliangalia mukono ya ule musichana ikitembea pa mugongo ya mujukuu yangu. Kama angesema neno mbaya, ningekwenda wapi? Akasema mutoto haonyeshi alama ya ugonjwa. Atakunywa dawa yake mwenyewe ya kumukinga, miezi tatu, na kila mwezi batamupima tena.

"Ni kusema iko muzima?" Béa akauliza.

"Leo iko muzima. Muchunge. Kama anaanza homa, ao kukohoa, ao kilo inashuka, mukuye mbio."

Béa aliniangalia juu ya kichwa ya mutoto. "Mama, kama mutoto yangu…" Hakumaliza. Hata leo hajamaliza ile neno, na sijamuomba amalize.

Kisha mama enfirmie akashika fishi, ile karatasi ya kuandikia dawa ya kila siku. "Nani atakuona ukimeza? Kila asubuyi, kwa macho. Si kusikia, kuona."

"Béa," nikasema.

"Mama, niko ku soko saa ile."

"Bwana yako?" akauliza enfirmie. "Anaikalaka nyumbani?"

Nilisikia moto mu masikio. "Mwanangu, ule ni mukwe yangu."

"Eh bon. Kambo, dawa haijue mukwe."

*

Muteba alikuwa inje mu kiwanja ya santre, karibu na dirisha, amesikia yote. Alitupa mugongo, anaangalia ukuta. Nilikuwa hatua tano nyuma yake. Béa katikati.

"Béa, ambia mama nitamuona akimeza."

"Mama, anasema…"

"Nimesikia. Niko mugonjwa, siko kiziwi."

"Béa, ambia mama ile kukohoa niliijua. Tangu mwezi ya tatu. Yaya yangu, kaka yangu mukubwa, alikohoa vile vile kule Kambove, mbele ya kufa."

Béa hakurudia. Nikasema: "Muulize juu ya nini alinyamaza."

Hapo Muteba alisahau desturi kidogo, akageuka nusu. "Sikunyamaza! Béa, nilikutuma. Nilikuambia mama aende kupimwa. Si nilikuambia?"

Béa akaanza kulia. "Niliona haya, Mama. Kukuambia mukwe yako anasikiaka mwili yako usiku. Njo nilikuambia unywe tangawizi."

Ni kweli. Nilikunywa tangawizi miezi tatu. Neno ilitoka kwa Muteba ikiwa santre, ikafika kwangu ikiwa tangawizi.

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta mwenye nitakasirikia. Mukwe aliheshimu. Binti aliona haya. Na miye mwenyewe, mwenye kukaa ndani ya ile kifua, nilisema ni vumbi. Tulirudi nyumbani batatu, kila mumoja na sehemu yake ya kosa, na mutoto katikati alikuwa anakula kidole.

Ile mangaribi nilipigia dada yangu mukubwa, yaya Henriette, simu, kule Mitwaba. Njo mukubwa ya jamaa sasa, bila yeye siwezi kubadilisha kitu. Nikamueleza: mukwe ataniangalia kinywa, kila siku, miezi sita.

"Kinywa wazi?"

"Wazi, na ulimi juu."

Kisha akasema: "Mudogo yangu, weye umebakia na meno ngapi?"

"Ine mbele, na ingine ya nyuma."

"Sasa ataona nini? Mwambie alete kuku."

Kwetu, mukwe akitaka kufunguliwa uso ya mama-mukwe, analeta kuku na kikwembe. Kesho yake asubuyi nilikuta kuku mweupe amefungwa miguu pa mulango yangu, na kikwembe ndani ya sashe ya plastiki. Nilivaa kikwembe. Béa alipika kuku. Nilikula inje pa upande yangu, Muteba pa upande yake, tukiangaliana, na kila mumoja alitafuna sawa muntu mwenye kufanya ekzame ku masomo.

Kisha dawa ikaanza. Bidonge mikubwa, ya rangi ya udongo, yote kwa mara moja. Ya kwanza ilikataa kushuka. Muteba alisimama mbele yangu na maske yake ya kusude juu ya kichwa, macho pa kikombe. Akaangalia kikombe. Akaangalia tena kikombe.

"Mukwe," nikasema, "dawa haiko mu kikombe."

Akapandisha macho. Na neno yake ya kwanza kwangu, kisha miaka mine mu lupango moja, ilikuwa hii: "Mama, fungua."

Nikafungua.

*

Wiki mbili ya kwanza nililala peke yangu mu chumba mudogo kwenye Muteba alikuwa anaweka bifaa. Chumba haikuwa na dirisha. Siku ya pili nilisikia ukuta unapigwa, na mangaribi kulikuwa dirisha ya chuma, kubwa kuliko ya salon ya kupokelea bageni. Ilikuwa kazi ya Muteba. Nililala na baridi ya mwezi ya sita ikiingia yote, na blanketi tatu, na nilikuwa muzuri.

Dawa iko na mambo yake, na ninakuandikia ili usishangae. Mikojo inakuwa rangi ya machungwa. Mama enfirmie alinionya, lakini kuonywa na kuona si moja. Niliita Béa akuye kuangalia, akakataa. Hata machozi ilikuwa na rangi kidogo, nilipangusa na kitambaa mweupe nijue. Kisha siku ya ine Béa alikunjua nguo ya Merveille kwa kuifua, akapiga kelele. Machungwa! Juu mutoto naye alikuwa na dawa yake mudogo, yenye kuyeyuka mu maji.

"Usiogope," nikamuitia toka mbali. "Ni dawa. Tunakojoa rangi moja."

Ile siku Béa alicheka mara ya kwanza. Kidogo tu, kisha akakumbuka kama amenikasirikia.

Mama enfirmie alisema wiki mbili mbali na mutoto. Béa alisema miezi mbili, mpaka bapime tena makohozi na karatasi iseme hakuna kitu. Miye nilisema: mutoto ni wako. Sikubishana. Muteba alilaza chuma moja murefu pa udongo katikati ya lupango. Upande huu wangu, upande ule ya mutoto. Kila muntu akaelewa, isipokuwa Merveille.

Merveille alikuwa na miezi munane. Alikuwa anajua kuikala, na kuanguka sawa gunia. Nilikuwa ninamuangalia toka kwangu, na kwa kweli nilijifunza mingi. Mutoto mwenye iko mu mugongo yako haumuoni, unamusikia tu. Sasa niliona. Niliona anaangaliaka mukono yake ya kushoto sawa ni ya muntu mwingine. Niliona jino inapasuka chini. Mu mwezi ya saba bantu banachoma majani inje ya muji, na majivu nyeusi inaanguka mu malupango, nyepesi sawa manyoya. Moja ilianguka mbele yake. Aliinama, akaweka mikono chini, majivu ikakimbia na upepo, na yeye akaifuata na magoti. Hatua moja, mbili, tatu. Alikuwa ametambaa! Nikapiga makofi, nikaita: "Béa! Béa! Anatembea na magoti!"

Na mutoto akasikia sauti yangu, akageuza kichwa, akasahau majivu, akakuya kwangu.

Alipita juu ya chuma sawa haiko.

Nilisimama. Nikarudi nyuma. Akafuata. Nikazunguka ndoo, akazunguka ndoo. Nikazunguka muti ya mpera. Miye, muntu mukubwa, mwenye kuogopwa mu avenue yote, nilikimbia mutoto mwenye iko na jino moja, kikwembe mu mukono, na kifua inapiga mulio. Muteba alizima moto yake ya kusude ili aone muzuri. Jirani mwenye alikuwa juu ya ukuta aliita: "Kambo, chunga, anakufikia!"

Béa akakuya mbio, akamunyakua. Merveille alicheka mpaka akapata kwikwi. Kwake ile ilikuwa muchezo. Toka ile siku, kila akiniona, alikuwa anaangusha kila kitu na kunikuyia na magoti, na miye ninakimbia. Asubuyi kisha bidonge, na mangaribi. Nilikuwa ninacheka na inje. Ndani, kila mara nikimupa mugongo, nilikuwa ninajiuliza: huyu mutoto anajifunza nini juu yangu?

*

Mama enfirmie alikuwa amesema: ndani ya nyumba njo mbaya, inje kwenye upepo haina shida sana. Ile neno Muteba aliifikiri siku mbili. Kisha akaniambia, uso kwa uso, anazoea sasa: "Mama, kama ndani hatuwezi kuikala pamoja, tutaikala inje."

Unajua, shiye hatukuwa bantu ya kutembea. Siku ya yenga ni misa na kulala. Lakini ile kiangazi tulitoka kila yenga. Ugonjwa njo ilitutoa mu nyumba. Tulikwenda kuona banyama mu zoo. Béa alimuinua Merveille mbele ya simba, na mutoto aliangalia funguo ya mulinzi, simba hata kidogo. Tulikwenda pembeni ya mutoni, akaweka muguu mu maji ya baridi, akanyamaza kabisa, akautoa, akauangalia, akaurudisha. Miye kila mara hatua kumi pembeni, na maske, chini ya upepo, na sahani yangu na kikombe yangu. Bantu balifikiri niko mama-mukwe mwenye kiburi.

Siku ya Kambove sitasahau. Rafiki ya Muteba alituazima kamioneti. Béa na mutoto mbele, miye nyuma, inje, nimejifunga blanketi mpaka macho. Mama ya Muteba hakuwa bado ameona mujukuu. Alimupokea, akamuweka pa magoti, akamunusa kichwa. Miye nilisimama pa mulango ya lupango. Ule mama aliniangalia murefu. Alikuwa amezika mutoto yake na hii hii ugonjwa, alijua hatua kumi maana yake ni nini. Akakuya na kiti, akakiweka pa upande yangu, si mbali sana, si karibu sana, akarudi. Hakusema pole. Nilishukuru juu hakusema.

Kurudi, tulisimama pa kaburi ya yaya ya Muteba. Merveille alikula udongo. Hakuna mwenye alimukataza kwa dakika nzima.

*

Mwanzo ya mwezi ya munane, nilirudisha tena makopo yangu. Niliikala katikati ya benchi. Musichana moja mwembamba alikuya, akaikala pembeni na kopo chini ya nguo. "Toa tu," nikamuambia, "hapa bote tuko na mayai." Ule muzee ya kwanza sikumuona tena, na sikuuliza.

Karatasi ikasema: hakuna kitu. Mutoto naye balimupima: kilo imepanda, kifua safi. Béa alisoma karatasi mara tatu. Nyumbani aliinua ile chuma mwenyewe, akaipeleka kwa bwana yake, akachukua mutoto, akamuweka pa mukeka mbele yangu, akarudi nyuma.

"Mama, mubebe."

Nilikuwa nimeikala chini. Merveille aliniona, akaanza kukuya mbio, mate inamwagika. Akafika pale pa chuma, kwenye chuma haiko tena. Akasimama. Akangojea.

Miye sikukimbia. Nilinyoosha mikono.

Akaangalia mikono. Akaangalia sura yangu. Midomo ikaanza kutetemeka, na akalia, lakini kulia ya woga, sawa ameona muntu asiyemujua. Akageuka kwa mama yake.

Ninasema ukweli: bidonge yote, na damu, na maumivu ya magoti yenye dawa iliniletea, haikuniuma sawa ile. Wiki nyingi nilimufundisha kama kambo ni kitu yenye kukimbia. Sasa kambo mwenye kusimama alikuwa nani?

Béa alisema, "Mama, pole pole." Ilikuwa neno ya kwanza ya huruma tangu mwezi ya tano.

Nikawaza. Kisha nikasimama, nikafunga kikwembe muzuri, nikakimbia. Merveille akaacha kulia pale pale. Nilizunguka ndoo, nilizunguka mpera, pole pole, kila mara pole pole zaidi, mpaka nikajifanya kuanguka pa mukeka. Na yeye akanipanda juu, magoti mu tumbo, akashika pua yangu na mikono mbili sawa muntu mwenye kukamata mwizi.

Nilimunusa kichwa. Alikuwa na harufu ya makala ya kupikia na maziwa. Sikulia. Macho ilitoa maji kidogo, ya machungwa.

*

Bantu banafikiri hapo njo mwisho. Hapana. Hapo njo hatari inaanza, na kama umesoma haraka, hapa soma pole pole.

Mwezi ya kenda jakaranda zilichanua mu muji, barabara ikawa zambarau, na miye nilikuwa na nguvu. Nilikuwa na njaa ya aibu. Bukari, ile ugali yetu, ya bantu mbili nilikula peke yangu. Kikwembe ilirudia kunizunguka mara moja na nusu. Mwisho ya ule mwezi, asubuyi moja nilimuambia Muteba: "Mukwe, nimepona. Hii dawa inanichoma tumbo. Tuache."

"Mama, fungua."

"Nimesema nimepona."

Hakuondoka. Mukiliya, mwenye kuleta kazi, alikuwa anamungojea inje, anapiga mulango. Muteba hakugeuka. Alisimama na kikombe ya maji mu mukono, muntu mwenye miaka mine hakuweza kuniuliza kama nimelala.

"Mama," akasema, "yaya naye alipona mwezi ya tatu ya dawa. Alipona muzuri. Alicheza mupira. Akaacha."

Merveille alikuwa amekamata suruali ya baba yake, amesimama, anatuangalia mumoja kisha mwingine. Nikameza. Nikafungua. Muteba akaangalia, akaweka alama pa fishi na kalamu yake ya kuandikia chuma, akaenda kufungua mulango.

Merveille alikuwa amemaliza dawa yake kisha miezi tatu ya nguo ya machungwa, jakaranda ikiwa haijachanua, na hajakohoa mpaka leo, isipokuwa siku alimeza kifungo. Mvua ya kwanza ilianguka akiwa anatimiza mwaka. Kisha mvua, inswa zilitoka mu udongo, ile muchwa yenye mabawa, lupango nzima ikawa inaruka. Merveille alikuwa ameshika ukuta. Moja ilipita mbele ya pua yake. Akaachilia ukuta, hatua moja, hatua mbili, akaikamata, akaikala chini kwa nguvu, akaiweka mu kinywa na mabawa yake yote. Béa akasema, "Mama, umeona?" Nilikuwa nimeona. Nilikuwa karibu sana, ningeweza kumushika, na sikumushika, juu nilitaka kuona atafika.

Siku ya mwisho ya bidonge ilikuwa mwisho ya mwezi ya kumi na moja. Karatasi ya mwisho ilisema hakuna kitu. Mama enfirmie aliandika "amepona" pa fishi, akanipatia niishike. Hakukuwa sherehe. Béa alipika samaki.

Kesho yake niliamuka, nikaikala pa kiti yangu pa saa ile ile, mikono haina kazi. Muteba alitoka na maske yake juu ya kichwa, akafika mpaka mbele yangu, akakumbuka, akasimama, hakujua aende wapi. Hakuna dawa tena, hakuna sababu ya kuniangalia. Kama desturi, angeweza kugeuka sasa. Na miye ningeweza kugeuka.

Merveille alikuya katikati yetu, anayumba-yumba. Akashika magoti yangu, akapandisha kichwa, akafungua kinywa yote, ulimi juu, "aaaa", na akangojea. Kumbe ile miezi sita yote alikuwa anaangalia. Alifikiri njo namna bantu banasalimianaka asubuyi.

Nikamufungulia yangu.

"Mukwe," nikasema, "na weye."

Muteba aliangalia barabara kwanza, kama kuna muntu. Kisha akavuta maske nyuma, akainama, akafungua.

Iko na meno muzuri. Sikuwahi kujua.